Vyeti Thelathini na Vinane

Jumatano, 6 Machi

Daftari hili nimepewa leo na mshauri wa pale kituo cha polisi. Amesema niandike chochote ninachotaka, yeye hatalisoma. Nikamwuliza, sasa kama hulisomi, litakusaidia nini? Akasema, "Ehee." Ndilo jibu lake kwa kila kitu. Kikao hakijaisha nilikuwa nimeshampa jina: Bwana Ehee.

Haya, tuanze. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Shuleni wananiita Daktari kwa sababu nilikuwa natoa vyeti vya ugonjwa. Mwanafunzi akitaka siku mbili za kukaa nyumbani, ananiambia, namtengenezea cheti cha zahanati chenye muhuri na saini ya Nesi Mkuu, anampelekea mwalimu, anapumzika. Sikuchukua hela ya mtu. Nilipewa kalamu na karatasi za kuchorea, na zaidi ya hapo nilipenda kuona hata wale wa darasa la juu wakinitafuta wakati wa mapumziko. Mihuri niliichonga mwenyewe kwa soli za kandambili na kisu cha mjomba, ambaye ni fundi viatu. Unaandika herufi kinyume, unakata polepole, unapaka wino. Saini ya Nesi Mkuu nilijifunza kwa jioni moja. Ina mkia mrefu unaorudi nyuma, kama mtu anayegeuka mlangoni kuangalia kama amesahau kitu.

Kazi yangu haikuwa na kasoro. Nilikamatwa kwa ujinga wa mteja. Nilimwandikia mvulana mmoja kwamba ameteguka mguu, kesho yake mwalimu mkuu akamkuta uwanjani anafunga bao. Mwalimu mkuu akafungua faili, akatoa vyeti vingine viwili, akavipanga mezani, akapiga simu polisi.

Pale kituoni nimewekwa kwenye Mpango wa kutuepusha watoto na mahakama. Unakiri kosa lako, unahudhuria vikao kumi na viwili vya ushauri kila Jumatano saa tisa, na Jumamosi unafanya kazi ya mikono pale kituoni. Ukimaliza, faili linafungwa na jina lako linabaki safi. Ukikosa vikao viwili, au ikigundulika ulidanganya, unakwenda kwa hakimu. Mimi nimekiri vyeti vitatu, kwa sababu walivyonavyo ni vitatu.

Nilitoa thelathini na vinane.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeanza kupaka rangi chumba cha watoto kituoni. Anayetusimamia ni Sajini wa dawati la watoto, mama mfupi mwenye sauti ya kumsimamisha ng'ombe barabarani. Aligawa brashi. Nilipofika mimi akaniangalia kidogo.

"Wewe chukua hiyo pana. Nyembamba usiiguse."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Huyu mama ana akili.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Tuko watano kwenye Mpango: mmoja alivunja vioo vya shule, mwingine aliiba betri ya gari, wawili ni ndugu waliopigana sokoni na kuumiza watu, na mimi. Mwenye ufundi ni mimi peke yangu.

Baada ya mazungumzo ya pamoja, Bwana Ehee huzungumza na kila mtu peke yake. Ni mwanaume mrefu, mwembamba, anakaa karibu na mlango na miguu yake inafika katikati ya chumba. Aliniuliza swali moja tu.

"Katika jambo lako, nani aliumia?"

"Hakuna. Karatasi haiumi."

"Ehee," akasema. Wala hakuandika.

Jumatano, 20 Machi

Ameuliza tena nani aliumia. Nikamjibu vilevile. Nikamweleza na faida zake: wanafunzi walipumzika, walimu walipata madarasa yenye watu wachache. Akatabasamu, nikajua nimemshinda.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Kiatu kimoja kimepasuka. Mjomba amekishona kabla sijamaliza kumwambia.

Alhamisi, 28 Machi

Msichana wa darasa la juu kanifuata chooni. Anataka cheti cha siku tatu. Nimekataa. Akasema nimekuwa mtakatifu. Nikamwambia sijawa mtakatifu, nimekuwa na Sajini.

Jumatano, 3 Aprili

Leo mvua imepiga bati la kituo mpaka hatukusikilizana. Tulipobaki wawili, Bwana Ehee alijaribu kusema, akaacha, tukakaa tu tunatazamana. Mwisho akachukua karatasi, akaandika: Nani aliumia? Akanisukumia.

Nikaandika: Hakuna.

Akaisoma, akaendelea kuitazama kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji. Nikaitazama na mimi. Nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wa Nesi Mkuu. Sikukusudia. Mkono umezoea.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nitaandika sana.

Mama anafua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni, na sabuni yao mpya imemchubua mkono wa kulia mpaka umevimba. Leo nimemlazimisha twende zahanati. Tulifika saa mbili tukakuta benchi limejaa. Nilivuta kitambaa mpaka machoni. Sikutaka Nesi Mkuu anione. Ananifahamu tangu nikiwa mdogo, na ile saini niliikopi kwenye cheti alichoniandikia mwenyewe mwaka juzi nilipolala na homa.

Lakini aliyetoka kuita majina ni kijana mgeni, hata mkasi hajui uko wapi. Mwanamke aliyekaa karibu na mama akaguna.

"Ndiyo hali yetu sasa. Tangu yule mama asimamishwe kazi, humu ndani ni vurugu tupu."

"Nani kasimamishwa?" mama akauliza.

"Nesi Mkuu. Hukusikia? Alikuwa anauza vyeti vya ugonjwa kwa wanafunzi. Watu wa wilaya wamekagua faili za shule, wamekuta karibu arobaini havimo kwenye daftari la wagonjwa. Muhuri wake, saini yake."

Mwingine akadakia, "Mimi sikuamini. Si kuna mtoto wa shule alikamatwa kwa hayo hayo?"

"Alikamatwa. Kakiri vitatu tu. Sasa hivyo vingine vimeandikwa na nani kama si yeye mwenyewe? Wiki iliyopita wamempa barua. Miaka ishirini na mbili ya kazi."

Mama hakugeuza shingo kunitazama. Aliendelea kukandakanda mkono wake, na mimi nikaendelea kuangalia sakafu. Sakafu ya zahanati ina vigae vya kijivu, kimoja kimepasuka katikati. Nilikiangalia mpaka jina la mama likaitwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika mlangoni mama akauliza, bila kunitazama, "Ni vingapi?"

Nikamwambia.

Akaingia ndani, akaanza kupepeta mchele kwa mkono ule mbovu.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikwenda popote. Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimepaka ukuta mmoja mara mbili. Sajini akasema ule ulikuwa umeshaisha Jumamosi iliyopita.

Jumatano, 17 Aprili

Bwana Ehee akauliza nani aliumia. Nikamwuliza, "Mtu akikuambia hapa jambo ambalo hawalijui polisi, inakuwaje?"

Kwa mara ya kwanza sikusikia ehee. Alivuta miguu yake mirefu, akakaa sawa.

"Nikueleze mapema, usije ukasema nilikutega," akasema. "Mambo yako mengi yataishia humu. Lakini kama kuna mtu anaumia sasa hivi, na maneno yako yanaweza kumtoa huko, mimi siwezi kulala nayo. Nitakuomba uyapeleke mwenyewe. Usipoyapeleka, itabidi niyapeleke mimi. Kwa hiyo fikiri kwanza. Usiniambie leo kwa sababu tu umechoka."

Nikamwambia sijachoka.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuambia ukafikiri."

Nilikuwa namwona mtu wa kujipitishia siku. Nimemkosea. Alikuwa ameshajua, nadhani, tangu ile karatasi yenye neno moja. Na akaniachia mlango wazi pande zote mbili, wa kuingilia na wa kutokea.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeshinda kibandani kwa mjomba. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Tunaishi naye, na kwa siku nzima anaweza kusema maneno kumi, sita kati ya hayo ni bei ya kiatu. Nikamweleza yote. Alikuwa anashona kiatu cha mwanamke, hakuacha.

"Soli zangu zilikuwa zinapungua," akasema. "Nilijua ni wewe. Nilidhani unachonga maua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa nafurahi kuona una mkono kama wangu. Mtu akifurahi haulizi maswali."

Nikamwuliza nifanyeje. Akasema hilo si la fundi viatu, nizungumze na mama yangu. Halafu nilipoinuka akaongeza, "Lakini huyo mama wa zahanati, viatu vyake vya kazini nashona mimi. Ni wiki ya tatu sasa havijachukuliwa." Akanionyesha. Vyeupe, vimekaa kwenye rafu ya juu, vimewekwa vizuri na gazeti ndani.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimezungumza na mama. Niandike kama ilivyokuwa.

Nilimwambia nataka kwenda kwa Sajini nikiri vyote. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Hapana."

"Mama, yule nesi..."

"Namjua yule nesi kabla wewe hujazaliwa. Nakuuliza wewe: karatasi tuliyotia saini ilisema nini? Ukionekana ulidanganya, mahakamani. Umebaki mwezi mmoja tu, umalize, uingie mtihani, uwe na jina safi. Umeshafunguliwa mlango, unataka kuurudishia mwenyewe?"

"Anafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

"Yeye ana elimu. Ana chama cha wafanyakazi. Ana mume na watoto wakubwa. Atapata wa kumsemea. Wewe una nani? Una mimi na mashuka ya watu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nikikupeleka pale kwa mikono yangu halafu wakakuchukua, mimi nitarudi humu ndani nikakae na nani?"

Mama si mtu mbaya. Sijawahi kumwona akimdhulumu mtu hata kibiriti. Leo nimemwona akikaa juu ya haki ya mtu mwingine, kwa sababu yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba ndoo iliyojaa mno.

Jumatano, 24 Aprili

Nilimwambia Bwana Ehee bado nafikiri. Akasema sawa. Swali lake hakuuliza, na hakuna siku niliyolisikia zaidi ya leo.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Maji yameingia mpaka kizingitini. Tumeyachota, mimi na mama, bila kuzungumza, kwa mpangilio mzuri kabisa.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Nilitoka shule nikapita moja kwa moja kituoni, mvua juu yangu, daftari tumboni ndani ya sare. Sajini alikuwa peke yake anakula muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi.

"Leo si Jumatano," akasema.

"Shikamoo, Sajini. Kuna jambo nataka kusema kuhusu vile vyeti."

Mkono wake ukainuka, na muhogo ndani yake. "Usiseme."

Nikalishika daftari chini ya sare.

"Mtoto haandikishi maelezo peke yake. Ukisema sasa hivi, nimekusikia kinyume cha utaratibu, na kesho wakili yeyote atayachana hayo maelezo yako vipande vipande. Hata kama ni ya kweli. Hasa kama ni ya kweli. Njoo na mzazi."

"Mama hataki."

Akaweka muhogo chini. Akanitazama kwa namna nyingine, si ile ya brashi pana.

"Basi una kazi," akasema. "Kamati ya uchunguzi ya zahanati inakaa tarehe kumi na tano Mei. Wakishaamua, kumrudisha mtu itakuwa safari ndefu. Kaa hapo mvua ipungue." Akanikatia kipande cha muhogo.

Nilikuwa najiona mwerevu kuliko watu wazima wote niliowaghushi. Huyu ana kitu ambacho sikuweza kukichonga: anafanya jambo kwa njia yake sahihi, hata likimchelewesha.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemwambia mama kuhusu tarehe kumi na tano. Akasema amesikia.

Ijumaa, 3 Mei

Mjomba amesema yeye anaweza kunisindikiza kama mlezi. Kwa mjomba hayo ni maneno mengi. Nimemshukuru, nikakataa. Sitaki kupita nyuma ya mgongo wa mama. Nilishaghushi watu wa kutosha.

Jumapili, 5 Mei

Mama ameniuliza kama mahakama ya watoto ina hakimu mwanamke. Nikasema sijui. Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini ameuliza.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi niliamka nikakuta mama amevaa gauni lake la kijani, lile la kwenda kwenye mambo makubwa. Sare yangu imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari. Kazini alikuwa ameshaomba ruhusa.

"Sijakubali," akasema, kabla sijafungua mdomo. "Tusielewane vibaya. Sijakubali. Lakini huendi huko na mtu mwingine wakati mama yako yupo hai."

Tukaenda. Sajini aliandika kurasa nne. Alikuwa ananisimamisha kila sentensi: lini, wapi, kwa nani, wino gani. Nilipotaja thelathini na vinane, kalamu yake ilisita, kisha ikaendelea. Mama alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. Mwisho Sajini akamsomea yote kwa sauti ya taratibu, akamwonyesha pa kutia saini. Mama akatia.

"Sasa niwaeleze ukweli," Sajini akasema. "Hili linakwenda kwa mkuu wangu na kwa mwendesha mashtaka. Mimi nitaandika kwamba alikuja kwa miguu yake. Wao wataamua wanavyoamua. Siwezi kuwaahidi."

"Hatukuja kuahidiwa," mama akasema.

Nilimtazama. Sikujua kwamba ana sentensi kama hiyo ndani yake.

Jambo la pili, Sajini akasema, kamati haitaniamini. Watadhani familia ya nesi imenituma. "Itabidi uwaonyeshe."

"Nipe soli na wembe," nikasema.

Jumatano, 15 Mei

Siku yenyewe.

Chumba cha mikutano cha zahanati kiko nyuma ya stoo ya dawa, kinanuka spiriti. Meza ndefu, watu watano, mwenyekiti ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Upande wa pili, peke yake, amekaa Nesi Mkuu. Amepungua. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani, na nilipomwona hivyo ndipo nilipojua sijawahi kumfikiria akiwa na nyumba.

Hakunisalimia. Nilimwamkia, akaitikia kwa sababu ni mtu mwenye adabu, basi.

Mwenyekiti akasoma maelezo yangu, akavua miwani.

"Binti, nani amekuambia uje kusema haya?"

"Hakuna."

"Ulikiri vitatu mwezi wa tatu. Leo vimekuwa thelathini na vinane. Kesho vitakuwa mia?"

"Hapana, mzee. Ni thelathini na vinane. Mwezi wa tatu nilidanganya."

Akanung'unika kwa wenzake. Sajini, ambaye alikuwa amesimama ukutani, akaomba nipewe nafasi ya kuonyesha. Akaweka mezani soli ya kandambili, wembe na chupa ya wino.

Nilifanya kazi kwa dakika kama arobaini. Mwanzoni walikuwa wananong'onezana, baadaye wakanyamaza. Mkono ulijua njia, sitasema uongo. Niliona fahari kidogo, na papo hapo nikaona aibu kwa hiyo fahari, na vyote viwili vikakaa pamoja bila kugombana, nami nikaendelea kukata. Nilipomaliza nikapiga muhuri kwenye karatasi tupu, nikaweka saini yenye mkia, nikasukuma mbele ya mwenyekiti.

Akaitazama. Akampa jirani yake. Ikazunguka meza nzima. Haikufika kwa Nesi Mkuu, hakuinyooshea mkono.

"Hii inaonyesha kwamba unaweza," mwenyekiti akasema. "Haionyeshi kwamba ndiwe uliyefanya."

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. "Naomba mlete muhuri wenyewe wa zahanati."

Ukaletwa. Nikawaomba waugonge kwenye karatasi. "Tazameni herufi Z. Muhuri wa kweli una ufa, mstari mweupe unapita katikati ya Z. Mimi niliiga kutoka kwenye cheti cha mwaka juzi, kabla haujapasuka. Muhuri wangu hauna ufa. Sikujua mpaka majuzi Sajini aliponionyesha vile vyeti vitatu pamoja na barua ya zahanati. Kila cheti cha muhula huu kisicho na ufa ni changu."

Vyeti vililetwa kwenye bahasha, vile vyote ambavyo havimo kwenye daftari la wagonjwa. Vilikuwa thelathini na tisa. Mwenyekiti akavipitisha kimoja kimoja karibu na pua yake. Hakina ufa. Hakina ufa. Mvua ilikuwa inanyesha nje, nyepesi, na kila mtu alikuwa anahesabu kimoyomoyo.

Kimoja kilikuwa na ufa.

Akakiinua. Chumba kizima kikageukia kwa Nesi Mkuu. Nilijua ninachoweza kufanya. Ningeweza kusema na hicho ni changu, nilipata siku moja kuushika muhuri wa kweli, na mambo yangeishia hapo. Nikafungua mdomo.

"Hicho ni changu," Nesi Mkuu akasema kabla yangu. Ukiacha kuitikia salamu, ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake siku hiyo. Akanyoosha mkono, akakipokea, akakisoma. "Huyu mtoto aliletwa jioni, anatapika. Nilikuwa peke yangu na kulikuwa na mama anajifungua. Nilimwandikia cheti, nikasahau kumwingiza kwenye daftari. Kosa hilo ni langu, liandikeni." Akakirudisha. "Aliumwa kweli."

Mjumbe mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Hata mwenyekiti alilegea.

Walitutoa nje wakajadiliana. Kwenye ukumbi tulikuwa sisi wanne: mimi, mama, Sajini na yeye. Nikasogea. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga na Bwana Ehee wiki nzima. Akainua kiganja.

"Leo sitaki kuombwa msamaha," akasema. "Nimekaa nyumbani karibu wiki sita. Majirani niliwazoea. Lakini mwanangu, niliyemzaa, alikuja akakaa mbele yangu akaniuliza kama ni kweli niliuza. Nilimjibu. Nikaona anaamua kama aniamini." Akashusha kiganja. "Hilo huwezi kulifuta kwa neno pole. Siku nikiwa tayari kukusikia, nitamwambia Sajini. Inaweza kuwa mwezi ujao. Inaweza isiwe."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nilijua sasa jibu la lile swali, na lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, lina watu ambao sijawahi kuwaona.

Saa kumi tukaitwa. Nesi Mkuu anarudi kazini Jumatatu. Kwa kosa la daftari atapewa onyo la maandishi. Kuhusu mimi, mwenyekiti akasema, hilo ni la polisi.

Ijumaa, 17 Mei

Jibu bado. Mama amepiga pasi mashuka mia moja na kumi, anasema kazi inamtoa mawazo.

Jumatatu, 20 Mei

Jibu bado. Mjomba amefunga kibanda mchana, akaenda zahanati mwenyewe kupeleka viatu vyeupe. Hajasema alipokewaje.

Jumatano, 22 Mei

Leo ingekuwa mara ya kumi na mbili, ya mwisho. Tulifika saa tisa kasoro, mimi na mama. Jua lilikuwa limetoka, chumba cha watoto kimekauka rangi. Ndani walikuwepo Sajini na Bwana Ehee, na barua mezani.

Sajini hakuzungusha maneno. "Mkuu alitaka iende mahakamani. Mwendesha mashtaka ameisoma mara mbili. Amesema aliyekuja mwenyewe, mvua inanyesha, akarudishwa, akaja tena, si wa kupelekwa kwa hakimu kwanza. Vikao vyote ulivyofanya vimefutwa. Unaanza upya, kumi na viwili, kwa kosa la vyeti thelathini na vinane. Ukianguka safari hii, sitakuwa na la kukutetea."

Mama alivuta pumzi ndefu, ikatoka polepole, kama mtu anayetua mzigo na bado ameshika kamba.

"Vikao vyote?" nikauliza.

"Vyote," Bwana Ehee akasema. "Mimi mwenyewe sitaki hata kimoja kati ya vile. Vilikuwa vya msichana wa vyeti vitatu."

Fomu mpya ina nafasi ya mzazi na nafasi ya kijana mwenyewe. Mama akatia saini yake. Sajini akanigeuzia karatasi.

Nilishika kalamu, nikakwama. Naijua saini ya Nesi Mkuu, ya mwalimu mkuu, ya walimu watatu na ya karani wa shule. Nikatafuta yangu, haipo. Sikuwahi kuhitaji moja. Wote watatu walinisubiri na hakuna aliyenihimiza.

Nikaandika jina langu lote, herufi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza, bila mkia wowote.

Mama akainama kutazama. Akacheka, kicheko kidogo cha puani, cha kwanza tangu nikamatwe.

"Mwandiko gani huo?"

"Wangu," nikasema.

Sajini akaikausha kwa kiganja, akaiweka kwenye faili. Bwana Ehee alikuwa ameshavuta kiti chake karibu na mlango na kunyoosha miguu, anatusubiri tukae.